Mama Aliyejibu "Sijambo": Je, Alisema Uongo?

Mtu akifika kwa mzazi, yaani mama aliyejifungua juzi juzi, hubisha hodi, akaketi, akasema, "Hujambo, mama?" Naye hujibu, "Sijambo." "Na mtoto hajambo?" "Hajambo." "Ananyonya?" "Ananyonya sana." Basi mgeni hushukuru, hutoa alichokuja nacho, sabuni, au sukari, au doti ya kanga, huonja uji wa pilipili manga, akaenda zake. Ndivyo tulivyolelewa, na desturi hii ni njema, wala hatukukusudia kuitia kasoro. Lakini tukilitazama neno lenyewe twaona ajabu. Hujambo maana yake ni "huna jambo," na sijambo ni "sina jambo." Salamu yetu haimpi mtu nafasi ya kuwa na jambo. Hata mgonjwa aliye hoi kitandani hujibu kwanza "sijambo," kisha ndipo huongeza, "ila kichwa," au "ila homa kidogo." Hiyo "ila" ndiyo mlango wake. Mwenye homa anayo ila ya kusema, mwenye jeraha anayo, hata mwenye njaa anayo kama hana haya. Sisi leo twataka kunena habari za mama ambaye hana ila ya kusema, kwa kuwa ugonjwa wake hauna jina kinywani mwake, au unalo jina ambalo akilitamka ataangamia.

Tumesukumwa kuandika kwa sababu ya jambo lililotokea kijijini kwetu miaka michache iliyopita, nasi twalisimulia kwa idhini ya mwenyewe, bila jina lake wala jina la mji wake. Mama huyu alikuwa amezaa mtoto wa tatu, mwanamume, baada ya wasichana wawili, na nyumba nzima ilifurahi. Sisi walimu tulikwenda pamoja na wake zetu kumpa hongera, mtoto akiwa na wiki tano. Tuliukuta ua umefagiwa, nguo za mtoto zimeanikwa, na mama mwenyewe amevaa vizuri. Alitusalimu kwa adabu, akaomba radhi kwamba uji ulikuwa mwepesi. Tuliuliza yote yaulizwayo, naye akajibu yote kama yajibiwavyo. Tulipokuwa njiani kurudi, mke wa mmoja wetu alisema, "Yule mwenzetu acheka nyuma ya watu, wenziwe wakisha kunyamaza ndipo acheke." Tulilisikia neno hili tukalipita, tukaendelea na mazungumzo ya mahindi.

Usiku wa nne baada ya hapo, mtu mmoja aliyekuwa akitoka kulinda shamba lake, nguruwe wasile, alikutana naye njiani kabla ya alfajiri, mbali na kwake, peke yake, hana mtoto, hana viatu. Mtu huyu si msemaji. Hakumhoji. Alimwambia tu, "Mama, mimi naogopa giza, nisindikize hata kwangu." Mwanamume mzima mwenye mkuki mkononi! Mama akamsindikiza. Mkewe akaamka, akawasha moto, akampa maji ya moto ya kunawa miguu, asimwulize neno. Kulipopambazuka ndipo alipotamka mwenyewe kwamba alitoka nyumbani kwa nia ya kutorudi tena, kwa maana aliona mtoto wake angepata mama bora kuliko yeye. Kule nyumbani walimkuta mtoto amelala, amefunikwa vema, na kando yake nguo zake zote zimefuliwa na kukunjwa.

Habari ilipoenea, watu waligawanyika. Wengine walisema ni pepo, wengine wakasema amerogwa na mwenye kumwonea wivu kwa mtoto wa kiume, na wengine, twaona haya kuandika, walisema ni mwanamke asiye na shukrani. Lakini neno lililotuchoma zaidi lilitoka kwa mzee mmoja tunayemheshimu. Alisema, "Tulikwenda sote, tukamwuliza sote, akasema sijambo. Ametudanganya kijiji kizima." Sisi walimu, kazi yetu ni kuwafundisha watoto kwamba uongo ni kosa. Basi hatukuweza kulipita neno lile kama tulivyolipita lile la kwanza. Je, mama yule alisema uongo? Na kama alisema, kosa ni la nani?

Kabla ya kujibu, yafaa tujue ugonjwa wenyewe ni nini, maana watu huchanganya mambo matatu na kuyaita jina moja. Wazazi wengi, zaidi ya nusu, hupatwa na machozi katika siku za kwanza baada ya kuzaa. Mara acheka, mara alia, na akiulizwa aliacho hajui. Hayo hutokana na mwili unaobadilika kwa ghafula, na uchovu, na usingizi uliokatika, nayo hupita yenyewe kabla ya wiki 2 kwisha. Mama wa namna hii ahitaji kulala, kula na kusaidiwa, basi.

La pili ni hili tunalolinena. Siku hizi huitwa sonona, na jina hili limechaguliwa vizuri, kwa kuwa wazee wetu walitumia neno kusonona kwa maumivu yanayochoma ndani ndani. Sonona haipiti baada ya wiki 2. Yaweza kuanza mimba ikiwa bado tumboni, au wiki kadhaa baada ya kuzaa, au hata mtoto akiwa na miezi mingi. Mama hukosa usingizi hata mtoto akilala. Chakula hakina ladha. Kazi ndogo humlemea kama mlima. Moyo haumwendei mtoto kama alivyotazamia, naye huona haya kwa jambo hilo kuliko kwa jambo lolote jingine. Hujiona hafai. Wengine huanza kufikiri kwamba heri wafe. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika ulimwengu wote mama 13 katika kila 100 waliojifungua hupatwa na maradhi ya moyo na akili, hasa sonona, na katika nchi zisizo na mali nyingi hesabu hukaribia 20 katika 100. Msomaji na ahesabu mwenyewe nyumba za kijiji chake zilizopata mtoto mwaka huu, ataona kwamba jambo hili si la mbali.

La tatu ni kichaa cha uzazi, ambacho ni haba, kama mama 1 au 2 katika kila 1,000, tena huja upesi, mara nyingi katika wiki 2 za kwanza. Mama halali kabisa, husema maneno yasiyoshikamana, husikia sauti, huamini mambo ya ajabu juu ya mtoto. Huyu apelekwe hospitali siku ile ile, asingoje kesho, kwa maana hatari ni kubwa kwake na kwa mtoto. Akitibiwa hupona.

Huenda msomaji akasema, "Haya ni maradhi ya Wazungu, mama zetu hawakuyajua." Watu wengi wamesema hivyo, na wataalamu pia walidhani hivyo zamani. Lakini sikilizeni habari hii. Daktari mmoja Mwingereza, John Cox, alifanya kazi Uganda katika miaka ya 1970, akachunguza wanawake wajawazito 263 wa vijijini, akawaona tena baadhi yao baada ya kujifungua. Aliikuta sonona kwao. Kisha akaenda Scotland akaikuta huko pia, na mwaka 1983 aliandika akiwalinganisha wanawake wa Afrika na wale wa Scotland, kwamba ugonjwa huu wapatikana kwa hao na kwa hawa. Tena Waganda hawakungoja Mzungu awaambie. Walikuwa na jina lao la kale, amakiro, kwa ugonjwa wa mzazi ambaye akili yake imevurugika hata hudhaniwa atamdhuru mtoto, wasema atamla. Basi wazee waliuona. Ila waliusema umetokana na uasherati wa mke au wa mume wakati wa mimba. Hapa na tutue kidogo. Mama aliyejua kwamba ugonjwa wake ukijulikana ataulizwa, "Umelala na nani?" je, angethubutu kufumbua kinywa? Kwetu sisi hawasemi uasherati, husema uchawi, au pepo, au ukosefu wa imani. Maneno ni mbalimbali, na kazi yake ni moja, kumfunga mama kinywa.

Sasa turudi kwenye swali letu. Uongo ni nini? Tukiwafundisha watoto twasema kwamba mwongo ni yule asemaye lisilo kweli kwa nia ya kumdanganya mtu aliyetaka kujua. Basi tulipokaa uani kwa mama yule, je, tulitaka kujua? Tukisema kweli, hatukutaka. Tulitaka kumpa heshima, naye akaturudishia heshima. Salamu si swali, ijapokuwa ina sauti ya swali. Kama angetujibu, "Nina jambo, nataka kufa," mbele ya walimu wanne na wake zao, na vikombe vya uji mikononi mwetu, tungefanyaje? Yamkini tungemwambia, "Usiseme hivyo, mama, mshukuru Mungu, umepata mtoto wa kiume." Naye asingesema tena. Hivyo twamjibu mzee wetu, kwa heshima zote, kwamba kijiji kizima hakikumwuliza. Kijiji kizima kilimsalimu.

Lakini hatuwezi kujiokoa kwa neno hilo tu. Yupo aliyemwuliza kweli. Mumewe, ambaye ni mtu mpole na si mlevi, alimwuliza usiku mmoja, "Una nini wewe siku hizi?" naye akamjibu, "Sina kitu." Baada ya mambo kutokea mume huyu alilia mbele yetu. Alituuliza, "Kwa nini hakuniambia mimi? Nilimkosa nini?" Mmoja wetu hata leo asema kwamba mke alikuwa na wajibu wa kumwambia mumewe. Wengine wetu twaona vingine, na twaeleza sababu, ingawa jibu lililomtosha mume yule hatujalipata.

Mwenye homa husema, "Naumwa." Mwenye sonona hasemi, "Naumwa", husema moyoni, "Mimi ni mbaya." Haoni kwamba ana ugonjwa wa kuonyesha, aona kwamba ana aibu ya kuficha. Ugonjwa huu wakaa mahali pale pale ambapo mtu hujipimia na kujihukumu, ukageuza mizani, hata upendo wake kwa mtoto ukawa ushahidi juu yake, kwamba mtoto mzuri kama huyu hastahili mama kama mimi. Mama yule hakuondoka kwa kumchukia mtoto. Alifua nguo zake zote kwanza. Basi mumewe alipouliza, "Una nini?" yeye alisikia kama ameulizwa, "Una kosa gani?" Ni nani ajibuye swali hilo upesi?

Methali yetu yasema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Ni kweli, kilio humfichua. Lakini methali yamlaumu aliyeficha, haikuuliza kwa nini anaficha. Yafaa tujiulize gharama ya kusema ilikuwa kiasi gani. Mama akisema, huenda akarudishwa kwao. Huenda mtoto akachukuliwa na mawifi. Huenda akaitwa mchawi, au akapelekwa kwa mganga akachanjwa, akafukizwa, akapigwa. Mambo hayo hatuyabuni, tumeyaona. Mtu akimlazimisha mwenziwe alipe ng'ombe kumi kwa kila neno la kweli, kisha akamshitaki kwa kunyamaza, hukumu hiyo si ya haki. Sisi tulioweka gharama kubwa namna hii juu ya neno la kweli ndio wenye deni, nasi twaanza kwa kulikiri.

Hata sheria zimetenda kama kijiji. Kule Uingereza bunge lilitunga sheria mwaka 1922, na nyingine mwaka 1938, kwamba mama aliyemwua mtoto wake mchanga huku akili yake ikiwa imevurugika kwa sababu ya kuzaa asihukumiwe kama mwuaji mwingine. Sheria za adhabu za Tanzania na Kenya zina kifungu cha namna hiyo, kwa mtoto aliye chini ya miezi 12. Basi kwa miaka mingi sheria imekiri kwamba kuzaa kwaweza kuvuruga akili. Ni neno la huruma, lakini tazameni huja lini: mtoto akisha kufa. Na mama aliyetaka kujidhuru mwenyewe akaokoka, yeye aliwekwa katika hesabu ya wahalifu. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua kinapingana na Katiba. Twaliona neno hilo kuwa jema, kwa maana mtu anayeogopa askari hatamwita jirani.

Wengine hututia hofu kwa hoja ya imani. Husema, "Mkristo hawezi kutamani kufa, akitamani, imani yake imekwisha." Hawa tunawaomba wafungue habari za nabii Eliya. Alikuwa ametoka katika ushindi mkubwa, kisha akakimbia nyikani peke yake, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Hakukemewa. Alilala, akaguswa, akapewa mkate na maji, akalala tena, akapewa mara ya pili, akaambiwa safari ni kubwa kwake. Maneno makubwa yalikuja baadaye, mlimani. Chini ya mti palikuwa na usingizi na chakula. Sisi mara nyingi huanza na maneno makubwa, na mkate twausahau. Wala hatusemi watu wasimwombee mzazi mgonjwa. Twasema anayeomba na ashike pia mtoto saa mbili, ili mama alale.

Wazee wetu walijua sehemu ya dawa hii. Pwani mzazi hukaa ndani siku arobaini, akakandwa, akalishwa, asichote maji. Uchagani mzazi alipumzishwa kwa miezi akipewa mtori, na watu wakimtumikia. Desturi hizi zilimpa mzazi usingizi na watu. Lakini tusizisifu kupita kiasi, maana mama aliyefungiwa ndani siku arobaini pamoja na mtu anayemwogopa hakupumzika, amefungwa. Na siku hizi wengi hawapati hata hizo. Mume yuko mjini kutafuta kazi, mama mkwe ana shamba lake, dada wako shule, na mzazi siku ya nne yuko kisimani. Tena wapo walio katika hatari zaidi ya wengine, nasi tunawajua kwa majina vijijini mwetu: aliyewahi kupatwa na sonona zamani, anayepigwa na mumewe, aliyefiwa na mtoto, aliyezaa kwa shida nyingi, msichana aliyezaa kabla ya wakati wake, na yule asiye na mtu.

Basi tuulizeje? Watu huogopa kwamba wakimwuliza mama kama awaza kufa, watamtia wazo hilo. Wataalamu wamelichunguza, wakaona sivyo. Kuuliza kwa upole hakupandi wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mtu mzigo, kwa kuwa amekuwa akiuchukua peke yake. Huyo John Cox tuliyemtaja, pamoja na wenziwe wawili, mwaka 1987 alitoa maswali 10 ya kuwauliza wazazi, na maswali hayo yametafsiriwa katika lugha nyingi. La kumi lauliza waziwazi kama mama amewahi kuwaza kujidhuru. Walilitia kwa sababu njema. Uingereza, ambako tangu mwaka 1952 vifo vya wazazi vimekuwa vikichunguzwa kimoja kimoja, imeonekana kwamba kujiua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya mama kati ya wiki ya 6 na mwisho wa mwaka wa kwanza baada ya kuzaa. Ni wakati ule ambao wageni wamekwisha kwenda zao na sabuni zao zimekwisha.

Sisi hatuna haja ya kuanza na karatasi. Mwanamke mmoja anayeaminika, mtu mzima asiyepeleka maneno, aweza kukaa na mzazi peke yao, akashika kazi mkononi, kuchambua maharagwe au kumenya ndizi, kwa kuwa macho yakiwa juu ya kazi kinywa hufunguka. Asiseme, "Hujambo?" Aseme, "Nimeona wengi baada ya kuzaa mioyo yao huzama. Wako je?" Kisha anyamaze. Kunyamaza huku ndiko kugumu, na walimu sisi ndio wa mwisho kukuweza. Na kama jibu ni zito, auliza, "Umewahi kuona heri ufe?" Akijibu ndiyo, asishtuke, asipige kelele, asimhubirie. Amshukuru kwa kumwambia.

Tangu hapo mama huyo asiachwe peke yake usiku wala mchana mpaka aonwe na mganga wa zahanati au hospitali. Dawa za shambani za kuulia wadudu, na dawa nyingine za hatari, zitolewe nyumbani zikafungiwe kwa mtu mwingine. Mume aambiwe na mtu anayemstahi kwamba huu ni ugonjwa, si dharau juu yake. Zipo dawa, na nyingine mama aweza kuzimeza huku ananyonyesha, naye daktari ndiye achaguaye. Na ipo tiba ya kuzungumza, ambayo watu wengine huidharau kwa kuwa haina chupa.

Hao wanaoidharau tungependa wasikie habari za Rawalpindi, nchi ya Pakistan, ambako Atif Rahman na wenziwe walitoa matokeo ya kazi yao mwaka 2008. Waliwachukua wanawake wa afya wa vijijini, wasio madaktari, wenye elimu ya shule tu, wakawafundisha kumtembelea mama mwenye sonona nyumbani kwake mara 16, tangu mwezi wa mwisho wa mimba mpaka mtoto apate miezi 10. Walizungumza naye juu ya mawazo yake, na mtoto wake, na watu wa kumsaidia. Tena walikuwa werevu: hawakubisha hodi wakisema, "Tumekuja kwa mgonjwa wa akili"; walisema wamekuja kwa afya ya mtoto, na mama mkwe akawakaribisha. Wengine walitembelewa mara hizo hizo lakini bila mafundisho hayo. Mtoto alipofika miezi 6, katika wale waliotembelewa kwa kawaida 53 katika 100 walikuwa wangali wagonjwa. Katika wale waliozungumziwa, 23. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha kufundishia kazi hiyo ili nchi nyingine ziifuate. Twaitaja kwa sababu haikuhitaji nyumba ya mawe wala mashine.

Kijijini kwetu hatujafika huko. Baada ya mambo yale, mama alipelekwa hospitali, akapewa dawa, akakaa kwa dada yake miezi mitatu pamoja na mtoto, mume akienda kila Jumamosi na kuni na maziwa. Yule mwenye mkuki tulipomwuliza alijuaje la kusema gizani, alijibu kwamba hakujua. Aliona tu kwamba akimwuliza aendako atamlazimisha kusema uongo. Tulitazamana sisi walimu, maana mtu huyu hajui kusoma. Mkewe ndiye sasa akaaye na wazazi wapya kila Alhamisi baada ya soko, kwa maharagwe yake katika ungo. Hajapewa mshahara na mtu. Mwaka jana aliwapeleka wawili zahanati, na mmoja wao alikuwa binti wa yule mzee wetu aliyesema kwamba tumedanganywa. Mzee alikwenda naye kwa miguu, amembeba mjukuu, na njia nzima, wasema waliowaona, hakusema neno.